Skafu ya Msumari wa Tatu

Sehemu ya tisa

Kumi na mawili.

Tulimwacha Mama Nyuzi amesimama juu ya kiti cha plastiki, mkono mmoja ukutani, mwingine umeishika skafu ya marehemu mwanawe, na ukumbi mzima unasubiri aishushe. Wiki nzima mmekuwa mkiniuliza kwa nini vidole vyake viliganda. Wapo waliosema ni uchungu wa mama. Yupo aliyeniandikia kwamba mwanamke huyo hakula mchana, kizunguzungu kikampata. Mmekosa wote. Alikuwa akihesabu matamvua kwenye ncha za skafu, na matamvua yalikuwa kumi na mawili upande huu, kumi na mawili upande ule.

Skafu ya mtoto wake ilikuwa na kumi na moja.

Hilo halikujulikana na mtu mwingine mle ndani isipokuwa mmoja. Skafu zote za tawi, zambarau na nyeupe, alizifuma yeye, kwenye mashine yake iliyobanwa kati ya kitanda na kabati, na matamvua aliyafunga kwa mkono, kumi na mawili kila ncha, bila kukosea. Ya kijana wake ndiyo iliyopungua. Uzi ulimwishia asubuhi ya mechi, kijana yuko mlangoni anahimiza, skafu ikaondoka hivyo hivyo. Kesho yake mama akataka aimalizie. Kijana akakataa katakata. Akasema kumi na moja ni timu, wa kumi na mbili ni shabiki, na shabiki mwenyewe si ndiye huyu aliyeivaa? Mama alicheka siku ile mpaka akasahau kugomba.

Sasa akapitisha kidole gumba katikati ya skafu, taratibu, na akalipata alilokuwa akiomba asilipate. Kidoa kigumu, kidogo kama punje ya mchele, pale sufu ilipoungua. Kovu hilo alilijua. Miaka mitatu iliyopita chuma cha kulehemu nyaya kiliponyoka jikoni kwao kikamwangukia mtu kifuani, mtu akaruka, birika la chai likaenda chini.

Skafu iliyotundikwa kwenye msumari wa marehemu ilikuwa ya mume wake.

Wewe uliyeokota gazeti leo kwa mara ya kwanza, vuta kiti, nakupa kwa pumzi moja. Timu imefungwa mechi saba mfululizo. Uongozi wa klabu umeyauliza matawi ya mashabiki: kocha abaki au aende? Matawi mengine yamegawanyika nusu kwa nusu, limebaki hili moja, na mwenyekiti wake anatakiwa apige simu kabla ya saa kumi na mbili jioni kutoa jibu. Hapa hawapigi kura kwa karatasi. Zimefungwa kamba mbili, ya Abaki dirishani, ya Aende mlangoni, na kila mwanachama hufunga skafu yake upande anaoutaka. Wameshafunga. Arobaini na moja dirishani, arobaini na moja mlangoni.

Na msumari? Mwanachama akifariki, skafu yake hutundikwa ukutani mwaka mzima, na mwaka huo wote inapiga kura kama vile mwenyewe yupo. Misumari miwili ya kwanza ilikuwa mitupu, mwaka wa wale ulishapita. Wa tatu ulikuwa wa kijana waliyemwita Mikono, mpiga ngoma wa tawi, mtoto wa pekee wa Mama Nyuzi na mumewe Fundi. Mama alikuwa amefunga skafu yake dirishani, baba mlangoni. Kwa kuwa wazazi hawakupatana, mwenyekiti aliamua kwamba aliyeileta skafu ya kijana ndiye atakayeishusha na kuipeleka anakojua. Aliyeileta ni mama.

Kulikuwa na kanuni nyingine, na hiyo hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Anayeigusa skafu ya msumarini bila ruhusa ya kikao, uanachama wake umekwisha siku hiyo hiyo.

Mama Nyuzi akageuza shingo, akaitazama kamba ya mlangoni. Ya tatu kutoka pembeni. Imefungwa fundo la kuzungusha mara mbili, kama nyaya zinavyofungwa. Kutoka pale juu asingeweza kuyahesabu matamvua, na hakuwa na haja. Kama ya baba iko msumarini, basi aliyoifunga baba kwenye kamba ya Aende ni ya mtoto.

Moyo ukamwenda mbio, kisha ukatulia kabisa, na huko kutulia ndiko kulikomtisha.

Kwa sababu kulikuwa na ahadi. Kijana alilala hospitali siku tisa kabla ya kuondoka, na siku ya saba, akili bado ikiwa naye, aliomba redio iwekwe karibu na mto. Timu ilifungwa mabao matatu. Mashabiki wakasikika wakimzomea kocha. Kijana akageuza kichwa kwa shida.

"Mama, watamfukuza huyu mzee siku moja," akasema. "Wakimfukuza, skafu yangu isiwe upande wao. Niahidi."

Akaahidi. Ungekuwa wewe usingeahidi? Hakuelewa, lakini aliahidi. Hakuelewa kwa sababu kocha huyo huyo ndiye aliyemkata mtoto timu ya vijana akiwa na miaka kumi na minane, golikipa mwenye mikono ambayo watu walisimama kuitazama. Jina halikuwa kwenye orodha, basi. Kijana alilia siku mbili. Ya tatu akauchukua mkoba wa baba yake wa vifaa vya umeme, wakatoka pamoja kwenda kazini, na kwa miaka sita wakawa wanatoka pamoja hivyo. Jioni kijana alipiga ngoma uwanjani kwa ajili ya timu iliyomwacha. Kisha ngazi ikateleza kwenye jengo moja la ghorofa, miezi kumi na moja iliyopita, na hayo ya hospitali mmeshayasikia.

Tangu mazishi Fundi alikuwa na maneno yale yale kwa kila aliyemkaribia. Kocha alimtoa mwanangu golini. Angebaki golini, asingepanda ngazi. Aliyasema kazini, aliyasema nyumbani huku ameipa televisheni mgongo, na Jumapili aliyasema humu ukumbini mpaka nusu ya tawi ikawa upande wake. Mkewe hakuwahi kumwona akilia. Mara nyingine usiku alimnyooshea mkono kitandani, akakuta mgongo.

"Mama, tunakusubiri," akasema mwenyekiti kwa upole. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na saa yake ya mkononi ilikuwa mezani mbele yake. Saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini na mbili.

Fundi alikuwa amekaa safu ya tatu, koleo mfukoni mwa shati kama kawaida yake. Macho yao yakakutana. Yeye akayashusha kwenye viatu.

Basi anajua kwamba ninajua, Mama Nyuzi akawaza.

Mambo mawili yakawa mbele yake, na kila moja lilikuwa na kisu chake. Akisema ukweli, kura ya mlangoni inafutika na ahadi ya mtoto inatimia, lakini mume anatolewa humu mbele ya watu themanini, mtu ambaye Jumapili humu ndimo mahali pekee anapofungua kinywa. Akinyamaza na kuifunga hii dirishani, kocha anapona, mume anapona, na skafu ya mtoto inabaki inaning'inia palepale alipoomba isiwe. Hakuna atakayejua. Watajua wawili tu, na hao wanalala kitanda kimoja.

Msinilaumu kwa alichofanya. Sikuwa juu ya kile kiti mimi.

Akashuka, Kinyozi akimshika kiwiko asianguke, na Kinyozi alikuwa kinara wa Aende, kwa hiyo mtaona kwamba watu hawa hawakuwa wakichukiana. Akatembea mpaka dirishani. Akaifunga skafu ya mumewe pembeni mwa yake, akaikaza, akaachia.

Upande wa dirishani ukalipuka kwa makofi. Arobaini na mbili kwa arobaini na moja. Watu wakakumbatiana, mwanamke mmoja akaanza wimbo wa timu. Mama Nyuzi alisimama katikati ya furaha ile akiwa na maumivu ambayo hakuyapata hata makaburini. Kule alimzika mtoto. Hapa alikuwa amemdanganya. Nisamehe mwanangu, akasema moyoni, nisamehe, baba yako hana mahali pengine pa kwenda.

Mwenyekiti akaandika, akapiga mstari, akachukua simu.

"Usipige kwanza."

Aliyesema ni Fundi. Hakupaza sauti, ila wimbo ulikatika. Kinyozi akamvuta shati, akamnong'oneza kwamba wameshindwa kihalali, waondoke kiume. Fundi akauondoa ule mkono bila hasira, akaenda kwenye kamba ya mlangoni, akasimama mbele ya skafu ya tatu kutoka pembeni.

Akaanza kulifungua fundo. Vidole vilivyokuwa vikifungua nyaya gizani vikashindwa. Akajaribu tena. Watu wakatazamana. Mwishowe akainamisha kichwa akalifungua kwa meno, skafu ikamwangukia mikononi, akavuka ukumbi wote nayo mpaka alipo mkewe.

"Hesabu," akamwambia.

"Sina haja."

"Hesabu, mama, wasikie."

Akahesabu, kwa sauti, kidole juu ya kila tamvua, kama anavyofundishwa mtoto. Alipofika kumi na moja akasimama, na hapakuwa na lingine.

Nitawaambia alivyoeleza, kwa kifupi, maana yeye mwenyewe alieleza kwa kifupi. Mwezi wa pili baada ya mazishi, taa za ukumbi ziliungua, naye akajitolea kuzitengeneza, Jumamosi, peke yake, funguo mkononi. Mnaikumbuka Jumamosi hiyo. Alipokuwa juu ya ngazi, msumari wa tatu ulikuwa usawa wa uso wake. Alitaka kuinusa tu. Akainusa, akakuta bado ina harufu ya kijana, jasho na yale mafuta yake ya nywele, na mikono ikakataa kuirudisha. Akavua yake akaitundika badala yake. Toka siku hiyo alikuwa akiivaa ya mtoto chini ya shati, kazini, barabarani, kila mahali. Leo mwenyekiti aliposema kila mtu avue skafu yake afunge, hakuwa na nyingine ya kuvua.

Mama Nyuzi akakumbuka mgongo ule wa kitandani, na shati lisilovuliwa. Miezi tisa alidhani mume wake amekauka. Kumbe mtu alikuwa amelala na mtoto wake kifuani, akimgeuzia mkewe mgongo asije akaguswa akajulikana. Machozi yakamtoka papo hapo, na hakuyafuta.

Fundi akaifunga skafu ya kijana kwenye kamba ya dirishani. Kisha akaifungua ile yake yenye kovu, akarudi nayo mlangoni, akaifunga upande wa Aende, mahali palepale.

"Mimi bado simtaki," akasema. "Yeye alimtaka. Sasa kila mtu yuko kwake."

Mwenyekiti akahesabu kamba zote mbili, akahesabu tena, kwa kidole, kama aliyesahau somo alilolifundisha miaka thelathini. Arobaini na mbili kwa arobaini na moja. Hakuna kilichobadilika. Kocha alikuwa bado amepona kwa kura moja, na safari hii kura yenyewe ilikuwa ya kweli.

Hapo ndipo kila mtu alipokumbuka kanuni, na kila mtu akatamani asiwe wa kwanza kuitaja. Mwenyekiti akaitazama saa, akalitazama daftari la kanuni, akavua miwani. Akasema maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu kuhusu huruma na utaratibu. Fundi akamkatiza. Akasema anaijua kanuni, yeye mwenyewe alikuwepo ilipoandikwa, na ataondoka akishamaliza kuisikia simu ikipigwa.

Lakini Kinyozi hakuridhika. Kinyozi ni mtu wa maneno, kazi yake yenyewe ni kuongea na watu waliokaa kimya chini ya mkasi, na jambo lisiloeleweka humkaa kooni.

"Ndugu yangu, mimi nimefunga mlangoni kwa ajili yako," akasema. "Sisi wengi humu, kocha hatumjui hata salamu. Tulisema mtu huyu kamwonea kijana wetu, basi aende. Sasa kijana mwenyewe alimpenda mpaka kufa kwake. Mtu hampendi hivyo aliyemkata. Tuambie, kwani kulikuwa na nini?"

Fundi alikuwa ameushika mlango. Angeweza kutoka. Mpaka leo wapo wanaosema angetoka tu, maisha yangeendelea.

Akaufunga mlango, akabaki ndani.

"Hakumkata," akasema.

"Jina halikuwemo kwenye orodha. Tuliiona sote."

"Halikuwemo kwa sababu niliomba mimi lisiwemo."

Feni ya darini, ile mbovu inayozunguka nusu mzunguko, ilisikika peke yake.

Akasema alikwenda uwanja wa mazoezi mara tatu, mkoba begani, mke akijua yuko kazini. Alimwambia kocha kwamba huyu ndiye mtoto wake wa pekee. Mpira unamtupa mtu akiwa na miaka thelathini, goti likiuma hana pa kushika, lakini fundi umeme hakosi kula mpaka uzee. Mara ya kwanza kocha alimfukuza. Mara ya pili akambembeleza, akamwambia kijana ana mikono ambayo yeye hajaiona kwa mwingine. Mara ya tatu Fundi alipiga magoti kwenye nyasi. Kocha akamtazama kwa muda mrefu, akasema sawa, mtoto ni wako, na lawama nitabeba mimi. Akaibeba. Karibu miaka saba akatukanwa humu ukumbini, akatukanwa na Fundi mwenyewe, msibani akanyimwa mkono mbele ya watu, na hakufungua mdomo hata siku moja.

"Kila nikimwona amekaa kwenye benchi, najua kwamba anajua," akasema Fundi. "Nilitaka aende mbali. Ni hilo tu. Mechi saba hazinihusu."

Hakuna aliyenyanyua kichwa. Upande wa mlangoni watu waliziangalia skafu zao kama zimefungwa na watu wengine. Kinyozi akakaa chini.

Mama Nyuzi peke yake ndiye aliyesogea. Alikuwa akiunganisha, uzi kwa uzi, polepole. Kijana alilia siku mbili, ya tatu akauchukua mkoba. Kijana alipiga ngoma miaka sita kwa ajili ya mtu aliyemkata. Kijana hospitalini: isiwe upande wao, niahidi. Alimkaribia mumewe mpaka akaisikia pumzi yake.

"Mtoto alijua?"

Fundi akageukia mlango.

"Nakuuliza, baba. Mwanangu alijua?"

"Alijua mwishoni. Mzee mmoja pale uwanjani, mkata nyasi, aliniona siku ile nimepiga magoti. Akaja akamwambia."

"Lini?"

"Aliniuliza asubuhi ileile."

"Asubuhi ipi?"

Meza ya mwenyekiti ikaanza kutetemeka. Ilikuwa simu. Klabu wamechoka kusubiri, wamepiga wao. Hakuna aliyeipokea.

"Ile ya jengo," akasema Fundi. "Alikuwa juu ya ngazi. Mimi niko chini, nimeishika."

Mama Nyuzi akainua mkono, akajishikilia kwenye kamba ya mlangoni ili asianguke, na kamba nzima ikatikisika na skafu zake zote.

"Ukamjibu nini?"

Mume wake akaitazama mikono yake miwili, ile iliyokuwa imeishika ngazi, kama anayeiona kwa mara ya kwanza.